Anti, mdogo wangu anapenya kwenye foleni kama hana roho, nimnyang'anye pikipiki?

Anti shikamoo, pole na majukumu. Nakusoma siku nyingi ila leo ndio nimejikaza kuandika, naomba usiweke jina langu wala la mdogo wangu manake kijiweni kwao hii safu wanasomeana kwa sauti.

Mimi nakaa Kimara, nina mume na mtoto mmoja, kazi yangu Kariakoo kwenye duka la vitambaa, duka la watu sio langu. Mwaka jana nilikopa kikoba nikajumlisha na akiba yangu nikanunua pikipiki, Boxer, mpaka inaingia barabarani ilishanitoka kama milioni 2 na laki 9. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, alikuwa nyumbani Lushoto kazi hana, mama akaniambia mchukue mdogo wako asije akaharibikia huku, basi nikamleta mjini nikampa chombo kwa mkataba kama wanavyofanya mabosi wengine, elfu 10 kila siku, Jumapili anapumzika, mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Na kiukweli Anti huyu kijana analeta. Sijawahi kumdai. Hanywi, havuti, kama kachelewa kuleta ananipigia mwenyewe. Hela yake ndio inarudisha kikoba na inayobaki ndio ada ya mtoto wangu, mshahara wangu wa dukani unaishia kwenye kodi na chakula.

Sasa wiki chache zilizopita nikachelewa kazini, kituo cha mwendokasi kimefurika huwezi hata kusogea, nikamwambia nipeleke we mwenyewe. Anti. Jamani. Kuanzia Kimara mpaka tunafika Ubungo sikuona barabara, niliona matairi ya semi tu. Magari yamesimama, yeye anapita katikati ya mstari na mstari wala hapunguzi, kushoto lori la kontena kulia daladala, goti langu limegusa bampa ya mtu kwa masihara kabisa, kuna kijana anauza maji katikati ya magari ikabidi aruke, yeye kapiga honi tu tukapita. Halafu nikagundua pikipiki haina saiti mira hata moja! Nimeinunua nazo mbili. Kumuuliza eti dada zile zinagusa magari nikipenya, tunazitoaga wote. Nilivyoshuka Kariakoo miguu haikuwa yangu, yeye anacheka, ananiambia dada we bado wa Lushoto.

Jioni nikamkalisha. Akanijibu kwa utulivu kabisa mpaka nikakosa la kusema. Kwanza anasema kila mtu anapita hivyo na trafiki wenyewe pale kwenye taa wanawaangalia wakijipanga mbele hawasemi kitu. Pili nimuonyeshe kifungu cha sheria kinachokataza, hakipo. Tatu akanitolea simu, video ya Wamarekani, anasema California wameruhusu kwa sheria kabisa na wasomi wamepima wakakuta anayepita katikati ya magari yupo salama kuliko anayekaa nyuma ya gari kwenye foleni. Na mwisho akasema dada nikikaa kwenye foleni kama gari hesabu yako siipati. Ndio akaenda kuoga.

Mume wangu anasema mwache mtoto wa kiume atafute, anayeogopa barabara akalime. Mama anapiga kila Jumapili anauliza mwanangu anaendeleaje namwambia mzima. Kuna mwenzao wa pale kijiweni mguu umewekwa vyuma, alibanwa na lori lililokuwa linakata kona, na yeye alikuwa fundi wa kupenya hivyohivyo.

Naomba nijue Anti, hii kitu ni halali au sio halali? Na hiyo ya California ni kweli au ananifunga kamba? Na nimnyang'anye pikipiki au nimuache? Nikimnyang'anya ataniona namchukia, na deni la kikoba nitalirudisha na nini. Silali vizuri.

Dada Mtu, Kimara

Anti anajibu:

Marahaba mwanangu, na pole. Mimi pia ni abiria wa bodaboda, ile hali ya kubana magoti ndani huku unaomba usikwangue gari ya mtu naijua.

Nikikuelewa vizuri, mdogo wako ni kijana anayejituma, mwaminifu wa hela, ila hela yenyewe anaitafuta kwa namna ambayo umeiona kwa macho yako ukaogopa. Na ana majibu. Hilo nadhani limekuvuruga kuliko hata lori, ulitegemea atakuwa mkaidi ukakuta ana hoja. Mambo ya sheria na ya California nitakueleza ninavyoyajua. Hilo la kunyang'anya au kuacha tutalizunguka pamoja tu, uamuzi sina mimi.

Tuanze na kifungu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, enzi hizo pikipiki ya kubeba abiria kibiashara nani aliiwaza, kanuni za kuzitambua bodaboda zimekuja 2010. Kwa hiyo kijana akikwambia "nionyeshe palipoandikwa usipite katikati ya magari" anajua anachokifanya. Lakini hakimu wala trafiki hahitaji maneno hayo. Kuendesha bila uangalifu ni kosa, kuendesha kwa hatari ni kosa, kumpita mwenzio mahali pasipo salama ni kosa, na akichoka foleni akaingia njia ya mwendokasi hapo hata hoja hana. Trafiki kumwangalia kwenye taa bila kusema kitu sio kibali, yule muda ule ana kazi ya kuitoa foleni. Siku muuza maji akichelewa kuruka, anakuja askari mwingine na futi yake anapima barabara, na swali ni moja, we pale ulikuwa unafanya nini. Faini ya bodaboda ilishushwa kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa, ona sasa, ni hesabu yako ya siku nzima kamili, na hapo ni pale ambapo hakuna aliyeumia.

California hajakudanganya. Jimbo lile lilipitisha sheria mwaka 2016 ikaanza kazi Januari 2017, na ndio walikuwa wa kwanza Marekani kuandika wazi kwamba pikipiki kupita kati ya mistari ya magari ni ruhusa. Na utafiti upo, wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, ulitoka 2015. Waliangalia ajali za pikipiki karibu 6,000, katika hizo 997 mwenye pikipiki alikuwa anapita katikati ya magari. Waliokufa kwenye kundi hilo ni asilimia 1.2, kwa waliobaki asilimia 3. Walioumia kichwa asilimia 9 kwa 17. Na sababu mojawapo inaeleweka hata bila usomi, ukiwa umesimama nyuma ya gari na nyuma yako kuna gari, dereva wa nyuma akizubaa na simu we unabaki katikati ya bampa mbili.

Ila muulize kama video ilimpa na nusu ya pili. Wale wote waliohesabiwa walikuwa wameshapata ajali, kwa hiyo utafiti unasema ukianguka unaumia kiasi gani, hausemi kama kupenya kunakuongezea au kunakupunguzia kuanguka. Halafu watafiti wenyewe waliandika kwamba waliokuwa wanapenya walikuwa watu wa aina fulani, wengi ni siku za kazi muda wa kwenda na kutoka kazini, wana helmeti nzuri zaidi, mwendo mdogo zaidi, pombe kidogo zaidi, na kubeba abiria nyuma ilikuwa nadra zaidi kwao. Mdogo wako kazi yake yote ni kubeba abiria nyuma! Yani ule uzito wako ulioukalisha pale siku ile ulikuwa unairefusha breki yake.

Na faida yenyewe waliiona pale tu ambapo magari yanakwenda chini ya kama kilomita 80 kwa saa na pikipiki haiyazidi kwa zaidi ya kilomita 24 hivi. Ikizidi hapo majeraha yanaongezeka. Wengine walioruhusu wamebana zaidi. Utah, jimbo lingine la huko huko, ni mpaka magari yawe yamesimama kabisa na pikipiki isizidi hizo 24. New South Wales kule Australia tangu 2014 ni kilomita 30 mwisho, uwe na leseni kamili sio ya kujifunzia, na kupita kati ya gari na ukingo wa barabara hairuhusiwi, wala maeneo ya shule kwenye saa za shule. Kwa hiyo ukiniuliza ni salama nitakuuliza kwa mwendo gani na pembeni ya nani.

Chukua siku yako ile. Magari yamesimama, tuseme alikuwa kwenye 40. Hiyo ni mita 11 kwa sekunde moja. Muuza maji anatokeza, mpaka jicho lione na mkono ufike kwenye breki sekunde imeshaenda, ni mita 11 pikipiki haijaanza hata kupunguza. Kwenye 20 ni kama mita 5 na nusu, bado kuna la kufanya. Na foleni ya Morogoro Road sio foleni ya California, kule hakuna konda anayefungua mlango katikati ya barabara akasema shukeni hapahapa, wala karanga na chaja za simu hazitembezwi katikati ya magari. Halafu lori. Dereva wetu anakaa kulia, upande wake wa kushoto karibu na kichwa cha gari kuna eneo kubwa tu haoni kitu, kioo hakimwonyeshi, na semi ikikata kona kushoto lile tela linakuja ndani kuliko kichwa. Mwenzao wa vyuma sijui alikuwa upande gani, ila ningekuwa wewe ningemwomba mdogo wako aende akamuulize yule jamaa mwenyewe pale kitandani, sio mimi wala wewe tuliokaa nyuma tumefumba macho.

Sasa nirudi kwenye kitu umekiandika mwishoni mwa maelezo ya jioni ile ukakipita haraka, kwamba nikikaa kwenye foleni kama gari hesabu yako siipati. Mwanangu, kwenye zile hoja zake zote hii ndio ambayo hukuipa jibu, hata kwangu hukuniuliza. Sisemi wewe ndio unampeleka mbio, elfu 10 ni hesabu ya kawaida mjini na wapo wanaodai zaidi wala hawajui kijana wao analala wapi. Nachouliza ni hiki tu, unaongea nae kama dada au kama bosi? Kwa sababu dada anamwambia punguza mwendo na bosi anamwambia elfu 10 kabla ya usiku, na wote wawili wana sura moja, yeye amsikilize yupi.

Ukimnyang'anya, naelewa usiku wa kwanza utalala. Wa pili sijui. Kijana mwenye miaka 23 ambaye ameshaijua Dar hatarudi Lushoto kwa sababu dada yake kaogopa, atakwenda kijiwe kingine kwa bosi mwingine, na huyo hatamuuliza habari ya saiti mira. Kikoba nacho kitakuwa shingoni kwako na pikipiki imelala ndani au umempa mtoto wa watu, ambaye atapenya vilevile, tofauti ni kwamba mama yake humjui. Kuna dada mwingine angeniambia afadhali hivyo kuliko azikwe wa kwangu, na siwezi kumwambia amekosea. Jipime tu kama hicho ndicho unachokitafuta.

Unaweza kushusha hesabu. Tuseme elfu 7, kwa siku 6 ni elfu 18 zinapungua kila wiki, na mkataba inabidi urefuke au kiasi cha mwisho kishuke. Hili linakugusa mfukoni sana na sijui kikoba chenu wana roho gani, wengine ukienda mapema ukaomba kupanga upya marejesho wanakusikia, ukienda umeshachelewa wanakuja kubeba tivii. Na usitegemee ukishusha leo kesho anaendesha kama sheikh. Anaweza akaendelea kupenya vilevile ile elfu 3 ikawa yake. Ndio maana nisingeshusha kimyakimya kama zawadi, ningeishusha kwa maongezi, naachia hiki, na wewe unaachia nini.

Halafu lipo la njia. Kimara kuna abiria wengi tu wa kutoka mitaa ya ndani kuja kituo cha mwendokasi asubuhi na kurudi jioni, Bonyokwa huko. Safari fupi, hela ndogondogo, vumbi, lakini malori ya kontena hayapo na foleni ya kupenya ni ndogo. Wapo wanaofunga hesabu kwa kuzungusha hizo tu na wapo wanaolia kwamba hailipi, na kujiunga kijiwe cha watu kuna kiingilio chake na maneno yake. Yeye ndio anajua. Labda asubuhi awe huko ndani na mjini aende mchana barabara ikipumua, labda hapana. Muulize kabla hujampangia.

Kuna wanaoweza kukwambia muwekeane masharti. Mimi sina imani sana na masharti ambayo dada hawezi kuyaona akiwa Kariakoo anapima vitambaa, ila yakitoka mdomoni kwake mwenyewe yanaweza yakakaa. Kupenya magari yakiwa yamesimama tu, yakianza kutembea anarudi kwenye mstari. Lori halipitwi ubavuni, basi. Abiria akiwa na mtoto au mzigo mkubwa anakaa foleni na anamwambia kabisa abiria kwamba nitakaa foleni. Usimpe yote kwa pamoja, mpe nafasi aseme yeye lipi anaona linawezekana na lipi ni ndoto ya watu wasioendesha, utashangaa anavyojua hatari kuliko wewe. Wanajua hawa. Wanachekaga tu.

Saiti mira hiyo hata usiifanye mjadala mrefu, chombo bado ni chako, nunua mbili mfunge. Kama zinagusa magari anapopita basi hapo mahali ni pembamba kuliko pikipiki na abiria wake, goti lako lilikuwa ushahidi. Na helmeti mbili, ya kwake na ya abiria, zenye mkanda unaofunga. WHO, Shirika la Afya Duniani, waliwahi kusema ikivaliwa vizuri inapunguza uwezekano wa kufa kwa zaidi ya asilimia 40 na majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 70, ila ile inayoning'inia kwenye usukani haipunguzi chochote. Leseni yake ya pikipiki ipo? Hukuniambia. Amejifunzia wapi, au ni ile ya kufundishwa na rafiki uwanjani? Kama ni hiyo basi VETA wanafundisha madereva, na kijana anayebishana kwa utafiti wa Berkeley hawezi kuona aibu kukaa darasani. Toa na karatasi ya bima uisome. Kama ni ile ndogo ambayo wengi tunakata, inamwangalia mtu wa tatu aliyegongwa, mguu wa mdogo wako humo ndani haumo. Hili mumeo anayesema anayeogopa barabara akalime nae alisikie, kwa upole, manake siku ya hospitali mtachangishana wote.

Kwa mama, akipiga Jumapili mwambie mzima, si mzima kweli. Sioni haja ya kumpandisha presha kabla nyie wawili hamjakaa, ila usimtumie kama fimbo vilevile, ile ya "nitamwambia mama" kwa mtu wa miaka 23 inafunga maongezi palepale.

Ukikaa nae usianzie kwenye ajali, ataweka ukuta na video nyingine atakutolea. Mpikie, muulize siku yake inaendaje toka anawasha mpaka anazima, na muulize elfu 10 yangu huwa inatimia saa ngapi. Kama inatimia saa 5 asubuhi na bado anapenya hivyo jioni, hapo mna maongezi ya aina moja. Kama inatimia saa 2 usiku, hapo mna ya aina nyingine kabisa, na daftari la kikoba inabidi liwepo mezani. Niandikie alichojibu kwenye hilo la saa, tutaendelea kutokea hapo.